Namba Iliyotulia

Madereva wa malori walimwita Mama Mizani, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kibanda chake kilikuwa getini kwenye maghala ya nafaka: dirisha moja la kuteleza, feni moja, na kiti chenye mto alioushona mwenyewe baada ya kuchoka kuomba kiti kingine. Mbele ya dirisha kulikuwa na jukwaa refu la chuma. Malori yalipanda hapo yakiwa yamejaa, yakaenda kushusha, yakarudi kupanda yakiwa matupu. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwenye skrini, kuiandika daftarini na kumpa dereva karatasi yake. Kazi rahisi, mtu angedhani. Basi mtu huyo na akakae pale siku moja tu, abembelezwe na kutukanwa ndani ya dakika hiyohiyo, halafu ndipo aongee.

Lori likipanda mizani, namba hazikai. Zinaruka: tani thelathini na moja, thelathini na mbili na nusu, thelathini tena. Injini inatetema, mzigo unajipanga, dereva naye yumo ndani anajikuna. Mama Mizani hakuandika kitu mpaka injini izimwe, dereva ashuke, na namba ikae kimya mbele ya macho yake kwa hesabu ya kumi.

"Andika basi, mama, jua linatuua!"

"Haijatulia."

"Imetulia hiyo!"

"Imetulia kwako. Shuka kwanza."

Alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye kiti kile, na hakuna siku hata moja ambayo tajiri au mkulima alirudi kulalamika kwamba namba yake ilikosewa. Jambo hilo lilimvimbisha kichwa kidogo. Tumsamehe, maana si wengi wetu tunaoweza kusema hivyo kuhusu kazi zetu.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Mama mkwe, mwenye maneno yote yaliyobaki. Na binti wa miaka minane aliyeitwa Tani. Shuleni aliandikishwa jina lingine, lakini Tani ndilo lililomganda, kwa sababu alizaliwa na kilo nne na gramu mia tisa. Bibi yake aliitangaza namba hiyo mtaa mzima, na kila alipopita mlango mmoja alitia chumvi kidogo, mpaka nyumba ya mwisho waliambiwa kilo sita. Mama Mizani alikuwa akimsahihisha. "Nne na mia tisa, mama. Hata hiyo inatosha." Alisema hivyo akitabasamu, kwa sababu na yeye aliona fahari. Kwake yeye gunia zito lilikuwa gunia lililojaa, na mtoto mzito alikuwa mtoto aliyekamilika.

Kilichokuwa hakitangazwi ni namna Tani alivyotoka. Kichwa kilipita vizuri, bega likakataa. Mkunga aliita wenzake kwa sauti ambayo Mama Mizani hakuwahi kusikia mtu mzima akiitoa. Wakamkunja miguu hadi kifuani, mmoja akamkandamiza juu ya kinena, mwingine akaingiza mkono kumtafuta mtoto. Dakika nne, aliambiwa baadaye. Mtoto alitoka hai, ila mkono wa kulia ulilala ubavuni kama umeazimwa. Kwa mazoezi ya miaka ulirudi nusu. Tani aliweza kushika kikombe nao na kubeba begi, lakini haukupanda kupita bega. Nywele alichana kwa mkono wa kushoto, na darasani akijua jibu alinyoosha huohuo wa kushoto.

Familia ilikuwa na maelezo yake tayari: mkunga alimvuta vibaya. Ndivyo bibi alivyosema, ndivyo majirani walivyokubali, na Mama Mizani alipokutana na mkunga yule sokoni alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Hakuna aliyeuliza bega lile lilikwama kwa sababu gani.

Basi mimba ya pili ikaja, wakati hata mama mkwe alikuwa ameacha kuidai. Kwenye kliniki ya wajawazito muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, anayeuliza maswali bila kuinua kichwa.

"Mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi?"

"Nne na mia tisa," alisema Mama Mizani, kifua mbele.

Muuguzi akaacha kuandika. Akainua kichwa. "Alikwama?"

"Nani kakwambia?"

"Namba yako."

Wiki hiyohiyo alinyweshwa maji matamu hadi akakunja uso, akakaa kwenye benchi saa mbili, wakamtoa damu mara tatu. Majibu hayakuonyesha kitu. Walipomrudishia kipimo hicho mimba ikiwa na wiki ishirini na sita, yalionyesha. Kisukari cha mimba.

"Mimi? Chai yenyewe nakunywa bila sukari!"

"Si sukari ya chai peke yake, dada yangu. Mkate, wali, viazi, vyote mwilini vinageuka sukari. Wewe ukiwa na mimba mwili wako unashindwa kuisukuma. Ikipanda kwenye damu yako inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, na yeye hana pa kuikatalia. Anaifanya mafuta. Na mafuta hayo hupenda kukaa tumboni na mabegani. Ndiyo maana kichwa kinaweza kupita, halafu bega likakwama."

Muuguzi aliendelea na mengine, kuhusu kutembea na kuhusu matunda, lakini Mama Mizani alikuwa ameshaondoka na lile neno bega. Alikaa pale akiuona mkono wa Tani ukipanda, ukifika pale unapofika, ukishuka.

"Huyu hatakwama," alisema.

Alipewa mashine ndogo ya kupimia sukari, boksi la vijiti na daftari lenye mistari. Asubuhi kabla ya kula apime, na saa moja baada ya kila mlo apime tena. Baada ya mlo namba isizidi saba nukta nane. Aandike, alete baada ya wiki mbili. Muuguzi hakuongeza kitu, na kwa nini angeongeza? Alikuwa akiongea na mtu mzima ambaye kazi yake ni kusoma namba.

Siku ya kwanza alikula chakula cha mchana kibandani, akatazama saa, saa moja ilipotimia akajitoboa kidole. Tisa nukta nne. Aliitazama namba ile kama anavyomtazama dereva ambaye bado yuko ndani ya lori.

"Haijatulia hii," alijiambia.

Na kwa akili yake ilikuwa kweli tupu. Chakula ndiyo kwanza kimepakiwa, mzigo bado unajipanga, nani anaandika namba wakati kama huo? Akaiweka mashine kando, akapima malori matatu. Baada ya saa moja na nusu nyingine akatoboa kidole cha pili. Sita nukta moja. Akangoja kidogo, akapima tena, ikaja sita ileile. Hiyo ndiyo namba. Akaiandika kwa mwandiko wake uliosimama wima.

Iwekwe wazi hapa: hakudanganya. Kuna waliokuja kumwita mwongo baadaye, akiwemo wifi yake, na walimkosea. Mwongo anajua namba ya kweli halafu anaandika nyingine. Mama Mizani aliandika ile aliyoamini kwa moyo wote kwamba ndiyo ya kweli, na aliipata kwa kujitoboa vidole mara mbili ya walivyomwagiza. Ilimuuma, na hakulalamika.

Mume wake alimwona jioni moja mezani. "Mbona unapima mara ya pili?"

"Ya kwanza ilikuwa bado inacheza."

Fundi wa friji alifikiri kidogo. "Friji ikipata joto, mimi huwa—"

"Wewe tengeneza friji," alisema mkewe, "mimi niachie namba."

Akaachiwa. Baada ya wiki mbili muuguzi alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, asubuhi nne na tisa, mchana sita na moja, jioni sita kasoro, akawaonyesha wanawake wengine waliokuwa wakingoja. "Mnaona mtu anayejipenda?" Mama Mizani akarudi nyumbani akitembea kama bibi harusi. Kwa kuwa daftari lilisema mambo ni mazuri, alikula kama mtu ambaye mambo yake ni mazuri. Alipunguza mkate kidogo. Wali hakuugusa, yaani hakuupunguza. Mama mkwe aliongeza kijiko kila alipogeuka. "Watoto wa kwetu wanazaliwa na mwili," alisema, na hakuna aliyembishia.

Wiki ya thelathini na mbili alienda kupigwa picha ya tumbo. Daktari, kijana mrefu aliyeonekana hajalala tangu juzi, alizungusha kile kifaa juu ya tumbo, akasimamisha picha, akapima, akapima tena. Kisha akaomba daftari. Akalisoma. Akamwita muuguzi.

"Mtoto ni mkubwa," alisema. "Kichwa chake ni cha wiki zake, lakini tumbo limetangulia. Na daftari hili ni la mtu asiye na tatizo. Kimojawapo hakisemi kweli."

Hapo Mama Mizani aliinuka kutoka pale kitandani, tumbo likiwa bado linang'aa mafuta. "Unasema nimeandika uongo? Mimi? Niulizie kwenye maghala yote! Uliza dereva yeyote!"

"Hakuna aliyesema uongo, dada yangu," muuguzi alisema. "Keti. Vijiti vyako vimebaki vingapi?"

"Vimekwisha. Nilitaka kuomba vingine."

"Vimekwisha?" Muuguzi alikuwa hodari wa hesabu naye. "Nilikupa vya wiki mbili Jumatatu iliyopita. Hebu nipe mashine."

Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu, jambo ambalo Mama Mizani hakulijua. Muuguzi akabonyeza kitufe, akasoma kwa sauti. Tisa nukta nne. Sita nukta moja. Kumi nukta mbili. Sita nukta tatu. Tisa nukta nane. Tano nukta tisa. Akaendelea hivyo hadi sauti yake ikapungua.

"Hizi za kwanza mbona hujaziandika?"

Mama Mizani akamweleza. Akamweleza vizuri kabisa, kwa utulivu wa mtu anayemfundisha karani mpya: injini, mzigo kujipanga, dereva kushuka, hesabu ya kumi. Daktari aliangalia ukuta. Muuguzi alivua miwani, na uzi ukamganda sikioni akauondoa taratibu.

"Dada yangu," alisema, "ile ambayo haijatulia ndiyo anayoila mtoto."

Mama Mizani aliitazama ile mashine mkononi mwa muuguzi.

"Hatukutaka kujua sukari yako inafika wapi ikishatulia. Hata yangu itatulia. Tulitaka kujua inapanda hadi wapi, kwa sababu ikiwa juu kule ndipo anapokula. Mara tatu kwa siku. Kosa ni langu, nilipaswa kukwambia."

Lakini Mama Mizani alikuwa ameshaanza kuhesabu, na hesabu zake hazikosei. Wiki sita, siku arobaini na mbili, milo mia moja na ishirini na sita. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za nyuma wanapoanika mashuka, akalia kwa kwikwi, akiona aibu na akiogopa, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Alikuwa amemtazama mtoto wake akijazwa mabega, kila siku, kwa macho yake, na kila siku alikuwa ameandika kwamba hakuna kitu.

Jioni alimwambia mume wake yote. Fundi wa friji alisikiliza hadi mwisho. Angeweza kusema kwamba alimuuliza. Hakusema. Alichukua kijiko, akagawa wali uliokuwa kwenye sahani yake mwenyewe mara mbili, nusu akairudisha sufuriani.

Kuanzia siku hiyo Mama Mizani alichomwa sindano za insulini, na baada ya siku tatu alijichoma mwenyewe. Mkate uliondoka mezani. Kila baada ya mlo wa mchana alizunguka ghala kubwa mara mbili, mikono kiunoni, madereva wakimpigia honi. "Mama Mizani, leo unapima viatu?" "Pita huko!" Saa moja ikitimia alijitoboa na kuandika papo hapo, namba ikiwa bado inacheza. Nane nukta tatu. Mkono wake ulisita mwanzoni, kila mara, kama mtu anayeambiwa aandike jina la uongo. Saba nukta tisa. Saba na mbili. Sita na nane.

Mama mkwe hakufurahi. "Unamnyima mjukuu wangu chakula angali tumboni!"

"Namnyima mafuta ya bega, mama."

"Tani alikula akashiba, na si yupo hai?"

"Yupo," alisema Mama Mizani. "Mwambie basi ashushe ile sahani ya juu kabatini." Mama mkwe akaenda chumbani kwake, na siku mbili hakuongea na mtu.

Wiki ya thelathini na nane daktari alimpiga picha tena. Ukuaji ulikuwa umepungua kasi, sindano zimesaidia. Lakini wiki zile sita hazikuweza kurudishwa. Mashine ilikadiria kilo nne na robo.

"Kadirio tu," daktari alisema. "Inaweza kuwa chini au juu kwa gramu mia tatu, mia nne hivi."

"Mia nne! Mizani yangu ikikosea hivyo nafukuzwa kazi."

"Ndiyo maana nakueleza. Unaweza kujaribu kwa njia ya kawaida, huenda akapita salama. Lakini wa kwanza alikwama, na huyu ana mabega. Mimi ningekushauri upasuaji, keshokutwa asubuhi."

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwa sababu hakukubali kuachwa nyumbani, alishika kichwa. Mwanamke apasuliwe kwa kubahatisha? Wangoje wiki moja, mashine ipime vizuri, namba ijulikane.

Na hilo, kusema kweli, ndilo Mama Mizani mwenyewe alilolitaka. Kila mfupa wake ulitaka angoje. Alitaka namba moja, imesimama, aitazame kwa hesabu ya kumi. Alimgeukia daktari. "Nikisubiri, mtaijua kwa uhakika?"

"Hapana. Tutaijua siku akishatoka tukamweka kwenye mizani. Siku hiyo itakuwa haina kazi tena."

Chumba kilikuwa na joto na mama mkwe alikuwa bado anaongea. Mama Mizani alikaa akitazama magoti yake. Alikuwa hajawahi kutia sahihi kwenye namba inayocheza, si kwa tajiri, si kwa meneja, si kwa machozi ya mtu yeyote.

"Niletee hiyo karatasi," alisema.

Asubuhi ya upasuaji alikuwa macho, ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, pazia la kijani mbele ya uso. Alisikia vyuma, alisikia daktari akiomba kitu, akahisi kuvutwa kama mtu anayevuliwa viatu usingizini. Kisha kilio, kikubwa, cha hasira. Mvulana.

"Kilo nne na mia moja!" muuguzi mwenye miwani alitangaza kutoka upande wa mizani. Alikuwa ameomba zamu hiyo mwenyewe. "Mama Mizani, umesikia? Nne na mia moja!"

"Mikono," alisema Mama Mizani.

"Umesemaje?"

"Niambie mikono!"

Muuguzi alimleta mtoto karibu na uso wake. Akamlaza kwenye viganja, akamwachia kichwa kishuke kidogo tu, ghafla, kama wanavyofanya kuwapima. Mtoto akashtuka. Mikono ikaruka yote miwili, wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, vidole vimetanuka, ikapanda juu kabisa. Mama Mizani alilia kwa sauti hadi daktari akamwomba apumue polepole, kwa sababu alikuwa bado anashona.

Mtoto hakupewa ruhusa haraka. Sukari yake ilishuka mara tu baada ya kuzaliwa, kwa kuwa mwili wake ulishazoea kupambana na ile ya mama. Walimtoboa kisigino, wakamnyonyesha, wakamtoboa tena, na mama aliuliza kila namba. Siku ya pili ilikaa sawa. Yeye mwenyewe akaambiwa arudi baada ya wiki sita apimwe, na baada ya hapo kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa huu ukiondoka huwa unakumbuka njia.

Mchana wa siku hiyo ya pili fundi wa friji alimleta Tani. Aliingia bado amevaa sare ya shule, akasimama kando ya kitanda, akamfunua mdogo wake hadi kiunoni bila kuomba. Akaushika mkono wa kulia wa mtoto, akaupandisha pole pole hadi ukapita sikio. Akaushusha. Akaufanyia hivyo wa kushoto.

"Inapanda yote," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi wakati ule hawakukupima sukari?"

"Hawakunipima. Na mimi sikujua kwamba kuna cha kupima."

Tani alifikiri. "Bibi anasema yule mkunga alinivuta vibaya."

Fundi wa friji alitazama dirishani. Mama Mizani angeweza kusema atamweleza akikua. Kidonda kilikuwa kinamuuma, na mdomo umemkauka.

"Bibi amekosea, na mimi nilikosea pamoja naye. Ulikuwa umekwama, mwanangu. Ulikuwa mkubwa kwa sababu nilikuwa mgonjwa nisijue. Yule mkunga alikuwa na dakika chache tu. Alichagua mkono ili wewe ubaki."

Binti aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia, akaukunja vidole, akavikunjua. Halafu akavua begi, akapanda kitandani kwa uangalifu asimguse mama yake tumboni, akakaa sawa na mto.

"Nipe nimshike," alisema. "Mlaze kichwa huku kushoto. Huu wa kulia atakuwa anaulalia tu, nao unaweza."